Msemaji Asiyeitwa Barazani: Uzamili wa Usimamizi wa Mawasiliano Tunaulipia Nini?

Binti ya kaka yangu alinipigia simu Jumapili jioni, saa ambayo watu wa kwetu hupiga wakiwa na jambo la pesa. "Senje," akasema, maana mimi ni shangazi yake, "nimepata barua. Wamenichukua." Barua ilikuwa ya chuo kikuu, kozi ni shahada ya uzamili katika usimamizi wa mawasiliano, masomo Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, na karo ya muhula wa kwanza ilikuwa imepita mshahara wake wa miezi miwili. Yeye ni afisa msaidizi wa mawasiliano katika serikali ya kaunti moja ya huku magharibi. Hakuuliza kama kozi ni nzuri. Aliuliza, "Itanipandisha cheo?"

Nilimwambia huenda ikampandisha, akiimaliza. Nilipokata simu nikaona nimempa nusu ya jibu. Mimi niliipita njia hiyo hiyo. Nilikuwa nikitoka kazini Kisumu Ijumaa, nikidaka matatu ya Nakuru: Ahero, Awasi, Kericho, Mau Summit, kisha kuteremka Salgaa usiku katikati ya malori, nilale kwa rafiki yangu mtaa wa Section 58, asubuhi niwe darasani. Shahada niliipata, na maumivu ya mgongo pia. Tangu siku niliyovaa joho nimekuwa nikijiuliza nililipia kitu gani hasa, na jibu nililofikia halimo kwenye kijitabu chochote cha kutangaza kozi. Jina la shahada hii lina maneno mawili, na karibu kila anayejiandikisha amekuja kununua la pili. Anataka mawasiliano: aandike vizuri zaidi, azungumze vizuri zaidi, aijue mitandao. Hayo tayari anayajua, ndiyo maana ameajiriwa. Kilichompungukia ni neno la kwanza.

Tazama siku yake ya kazi. Asubuhi gavana anafungua zahanati, naye yuko pale na kamera. Anapiga picha mia, anachagua sita, anaziandikia maneno, anazipandisha mtandaoni. Jioni waziri wa kaunti anampigia kuuliza mbona uso wake umekatwa. Wiki inayofuata wananchi wanalalamika kwamba zahanati ile ile haina dawa. Saa mbili usiku anaamriwa aandike taarifa ya kukanusha. Ataandika nini? Kwamba dawa zimekwisha hakuambiwa. Katika kikao kilichoamua fedha za dawa zingoje robo ya mwaka inayofuata, hakuwepo. Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Mpiga mgambo wetu wa kaunti hulijua jambo baada ya mgambo kulia.

Sheria haikukusudia hivyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ina sehemu nzima, ya tisa, inayohusu mawasiliano na umma na haki ya kupata habari. Inaitaka kila kaunti iweke njia za kuwafikia watu wengi iwezekanavyo, na inazitaja: runinga, vituo vya teknolojia ya habari, tovuti, redio za jamii, mikutano ya hadhara, hata vyombo vya jadi. Isome hiyo orodha, halafu ufungue ukurasa wa kaunti yako. Wingi wa kazi umelalia kwenye mtandao, na mtandaoni kwenyewe umelalia kwenye sura ya mtu mmoja. Mikutano ya kushirikisha umma katika bajeti hutangazwa kwa Kiingereza gazetini, na mama anayeuza omena soko la Kibuye, Kisumu, anasikia habari za mkutano siku viti vinapokunjwa.

Hapo ndipo darasa lina faida, na nitalitetea kabla ya kulisema vibaya. Wiki za mwanzo mwalimu wetu alitupa mgawanyo wa James Grunig na Todd Hunt, wasomi wa Marekani walioandika mwaka 1984 kwamba kazi ya uhusiano mwema na umma hufanywa kwa namna nne. Ya kwanza ni kupiga debe ili uonekane, ukweli baadaye. Ya pili ni kutoa habari sahihi, lakini kwa kwenda tu. Ya tatu unamsikiliza mtu ili ujue namna ya kumshawishi. Ya nne unamsikiliza nawe ukiwa tayari kubadilika. Darasani tulikuwa maafisa wa kaunti, mtangazaji wa redio, padri mmoja, na mama aliyekuwa akisimamia sacco, ushirika wa akiba na mikopo, ya wakulima wa chai. Mwalimu akauliza kila mtu ofisi yake iko wapi. Maafisa wa kaunti wote tulicheka. (Wakati huo nami nilikuwa kwenye kaunti.) Tulikuwa kwenye debe, na hakuna aliyewahi kutupa jina la mahali tulipokuwa.

Jina peke yake halitoshi, lakini kwa mfanyakazi ambaye kila siku anahisi kuna kitu hakiendi sawa na hajui akiite nini, ni kitu kikubwa. Nakumbuka mtangazaji wa redio aliuliza kama namna ya nne ipo popote duniani au iko vitabuni tu. Mwalimu alisema ipo, ila ni ghali. Ninao mfano ulio karibu zaidi kuliko aliotupa yeye siku ile.

Septemba 2019, Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria, RTS,S, ikiwa nchi ya tatu baada ya Malawi na Ghana. Uzinduzi ulikuwa Homa Bay. Kaunti nane za ukanda wa ziwa na magharibi zikaingizwa kwenye mpango: Homa Bay, Kisumu, Migori, Siaya, Busia, Bungoma, Vihiga na Kakamega. Ichunguze kazi hiyo kwa jicho la mtu wa mawasiliano, utaona ni mtihani mgumu kuliko wowote utakaopewa chuoni. Dozi zilikuwa nne. Tatu za mwanzo mtoto alipewa akiwa na miezi sita, saba na tisa, na ya nne akifika miezi 24, umri ambao mama wengi wameacha kumpeleka mtoto kliniki kwa sababu anakimbia na kula ugali. Chanjo yenyewe inapunguza malaria, haiiondoi. Kwa hiyo yule yule anayesema "njoo uchanje" lazima aongeze "na chandarua usikitoe", bila kumfanya mama ajiulize basi chanjo ni ya nini. Tena haikutolewa kila mahali kwa pamoja. Yapo maeneo yaliyoanza na mengine yaliyongoja, ili wataalamu walinganishe. Dada wawili walioolewa sehemu mbili za kaunti moja, mmoja mwanawe amechanjwa, wa pili ameambiwa bado.

Halafu kuna neno. Mpango ule kwa Kiingereza uliitwa kwa jina linaloashiria utekelezaji. Sisi kwa Kiswahili tukauita "majaribio". Neno hilo hilo ndilo tulilotumia kuanzia mwaka 2009, chanjo ilipokuwa kweli inajaribiwa na watafiti Kombewa na Siaya, watoto wakifuatiliwa kisayansi mpaka 2014. Mambo mawili tofauti kabisa, la pili likitegemea kwamba la kwanza lilikwisha salama, yamevishwa kanzu moja. Mtu wa Kombewa akisikia "majaribio" mwaka 2019 ana haki ya kuuliza: bado mnajaribu? Na nani kawaambia wanangu ni panya?

Mabango hayamalizi swali hilo. Linamalizwa na mhudumu wa afya wa kijiji anayejua boma kwa boma, ambaye akirudi ofisini na kusema "neno hili linatuharibia" anasikilizwa, na karatasi inaandikwa upya. Maana yake mtu wa mawasiliano awe ameketi kwenye mpango tangu dozi zinapohesabiwa, awe na fungu lake la fedha, na awe na uwezo wa kumwambia daktari "subiri". Huo ndio usimamizi ninaousema. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021 kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, na sehemu ya ushahidi uliotumika ulitoka kwa akina mama wa huku waliokubali kurudi kliniki. Walirudi kwa sababu kuna watu walifanya kazi hiyo ya kuzungumza, na wengi wao hawana shahada ya kwanza, seuze ya pili.

Weka kando ya huo mfano wa Siaya, Aprili 2020. Korona ilikuwa na mwezi mmoja nchini. Mtu aliyedhaniwa kufa kwa ugonjwa huo alizikwa usiku, na maafisa waliovaa mavazi ya kujikinga, ndugu wakiwa hawajamsindikiza. Video ilisambaa kabla ya mapambazuko. Kwa jamii ambayo mazishi ni jambo la siku kadhaa, la ukoo mzima, la kuamuliwa kaburi lichimbwe upande gani wa nyumba, ile video ilikuwa tusi. Vitabu vyetu vina sura nzima juu ya namna ya kuomba radhi baada ya janga. Lakini hakuna taarifa, hata ingeandikwa na nani, ambayo ingeifuta video ile. Kosa lilifanyika usiku ule pale kaburini, na kulizuia kulihitaji mtu mmoja tu wa kusema mapema: ngojeni kuche, waacheni wazee wanne wasimame mbali.

Ndiyo maana huwa sikubali pale watu wanaposema kaunti zetu zina "tatizo la mawasiliano". Mara nyingi zina tatizo la uamuzi, na mtu wa mawasiliano anaitwa kulipaka chokaa. Bwawa lilipopasuka Solai, Nakuru, Mei 9, 2018, zaidi ya watu 40 wakafa na nyumba zikasombwa gizani, maneno ya mwanzo yaliyozagaa yalikuwa mvua, mvua, mvua. Msomi Timothy Coombs ana kipimo anachokitumia kwa majanga: umma huuliza kama wewe nawe ni mhanga, kama ni ajali, au kama ungeweza kulizuia, na jibu la swali hilo ndilo linalokupangia namna ya kusema. Ukisema "mvua" mahali ambapo watu wanauliza "nani aliruhusu bwawa lijengwe pale?", umejiweka fungu moja na wao wamekuweka jingine. Kesi ilikwenda mahakamani mwaka huo huo. Kuna wanafunzi wanaokariri kipimo cha Coombs kwa mitihani na hawajawahi kukipeleka Solai, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka madarasa yao.

Na hapa ndipo ugomvi wangu na shahada hii unaanza.

Tulifundishwa kwa Kiingereza, mifano mingi ikiwa ya kampuni za Marekani na Uingereza. Tasnifu ziliandikwa kwa Kiingereza. Dodoso zilitafsiriwa kwa Kiswahili au Kijaluo usiku wa kuamkia utafiti, na mtu ambaye si mtafsiri, mara nyingi binamu wa mtafiti. Kisha majibu yakarudishwa kwa Kiingereza. Katika safari hizo mbili ndimo mambo kama lile la "majaribio" yanamopotelea, na ndiyo mambo pekee ambayo mwanafunzi wa hapa angeweza kuwafundisha hao kina Grunig. Sijapata kusikia tasnifu ya mawasiliano hapa kwetu iliyoulizwa kwenye utetezi: neno hili ulilitafsirije, na mhojiwa alilielewaje?

Nitatoa mfano wa kitu ambacho hatukufundishwa. Mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, redio ndogo ya jamii ilifunguliwa Homa Bay. Inatajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya aina yake Afrika. Ilitangaza kwa lugha ya watu wa pale. Mwaka 1984 serikali ikaifunga. Miaka miwili tu, lakini ndani yake kuna kila somo: nani anamiliki sauti, lugha ya nyumbani inamtisha nani, mfadhili akiondoka kinabaki nini. Nilisikia habari zake kutoka kwa fundi wa mitambo mzee Kisumu, tukinywa chai, miezi kadhaa baada ya kumaliza masomo. Leo redio za lugha zetu zimejaa masafa, Ramogi, Mulembe, Nam Lolwe, na ndizo zinazoamua wananchi wanaamini nini kuhusu kaunti zao. Ungetarajia tasnifu kumi kila mwaka juu ya maswali yanayopigwa na wasikilizaji asubuhi. Mada zinazojaa rafu ni "athari za mitandao ya kijamii kwa" hiki na kile, kwa sababu data za mitandao unazipata ukiwa umekaa kitandani.

Sitawalaumu wanafunzi peke yao. Mwaka wa kwanza wa uzamili ni wa watu wengi. Mnachangiana nauli, mnagawana mada za kuwasilisha, kuna kundi la WhatsApp lenye vichekesho. Mwaka wa pili unaachwa na tasnifu peke yako kama mtu aliyeshushwa matatu njia panda usiku. Pendekezo la utafiti linakaa kwa msimamizi wiki sita. Msimamizi ana wanafunzi wengi kuliko anavyoweza kuwasoma, na kila baada ya muda kuna mgomo wa wahadhiri wanaodai haki yao. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, unakiomba. Makala ya jarida, ambayo vyuo vingi hudai uchapishe kabla ya kuhitimu, nayo inangoja. Kozi ya miaka miwili mimi niliimaliza kwa minne na ushei, na katika darasa letu nilihesabiwa miongoni mwa waliowahi. Padri alimaliza kabla yangu. Mama wa sacco alipandishwa cheo bila shahada akaacha, na sioni kama alikosea.

Kwa muda huo wote karo, ada ya maktaba, ada ya mtihani, nauli, kuchapisha, kujalidi, vinaendelea kudai. Watu wanachukua mikopo ya sacco. Wengine HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu. Kaka yangu aliniuliza kama auze mtamba kumsaidia binti yake, nikamwambia amwache mtamba azae kwanza.

Zamani aliyetaka shahada kama hii hapakuwa na la kuchagua. Alikwenda Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi au Daystar. Leo mawasiliano yanafundishwa kwa majina mbalimbali Maseno, Masinde Muliro kule Kakamega, Rongo, Moi, Egerton, na kuna kozi za nje unazosoma kwa simu. Shule ya Annenberg ya Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, inatoa uzamili wenye jina hili hili la usimamizi wa mawasiliano mtandaoni, kwa watu walio kazini, na wanamalizia kwa mradi wa kazi. Binti wa kaka yangu aliniuliza kama hiyo si afadhali. Kwa karo yao hilo swali linajijibu lenyewe, lakini hata fedha zingekuwepo ningesita. Tasnifu, pamoja na mateso yake, ndiyo sehemu pekee ya shahada ambapo mtu analazimika kwenda kwa watu, akae chini, asikilize saa nzima bila kuwauzia kitu. Kwa afisa wa kaunti aliyezoea kupiga debe huo ni uzoefu ambao hataupata kwingine. Ubaya wa tasnifu zetu ni kwamba hazitoki kwenye maumivu ya kazi ya mtu.

Ndiyo maana sikubaliani pia na vijana wanaosema shahada hii imepitwa na wakati. Hoja yao ina nguvu. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipojadiliwa bungeni, vijana walikaa na simu zao wakaufafanua kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani, mpaka kinyozi wa mtaa wa Kondele, Kisumu, anakueleza ushuru wa mkate. Serikali ilikuwa na maafisa wa habari waliosoma, wenye mishahara na magari. Walishindwa vibaya. Maandamano yakajaa Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko, damu ikamwagika, na Juni 26 Rais akasema hatatia sahihi. Basi shahada ya nini?

Lakini tazama walivyoshindwa. Hawakushindwa kwa kukosa ufundi wa kueleza. Walipewa kitu kilichokwisha kuamuliwa wakaambiwa waende wakakieleze, na umma ulikuwa unauliza kama unaweza kukibadili. Hao maafisa ni ndugu zake binti yetu yule mwenye kamera. Vijana walikuwa na uhuru ambao afisa hana: hawakuwa na mkubwa. Kufafanua mswada ukiwa nje ni kipaji. Kumzuia mkubwa wako asiulete ukiwa ndani ni kazi nyingine, inayohitaji ujue fedha zinavyopangwa, sheria inasema nini, na namna ya kumpelekea mtu mwenye mamlaka habari asizotaka kusikia akabaki na wewe ofisini. Isitoshe, siku hizi programu ya kompyuta inaandika taarifa kwa vyombo vya habari kwa sekunde kumi, tena bila kukosea tahajia. Kama mtu analipa karo ili afundishwe kuandika taarifa hizo, anajitia hasara.

Kwa hiyo nilipompigia tena, Jumatano, nilimwambia asitazame jina la kozi. Aombe orodha ya masomo yote, somo kwa somo. Je, kuna bajeti? Kuna mtu atakayemfundisha kuandaa mpango wa mawasiliano wenye gharama, ambao afisa wa fedha atausoma bila kucheka? Kuna kipimo? Katika ofisi nyingi bado tunapima kazi kwa kukata vipande vya magazeti na kukisia tungelipa kiasi gani kama vingekuwa matangazo, desturi ambayo wataalamu wa upimaji waliokutana Barcelona mwaka 2010 waliikataa waziwazi. Walisema thamani ya kazi hii itafutwe kwenye kilichobadilika kwa watu. Akina mama wangapi walirudi kwa dozi ya nne? Hiyo ndiyo namba. Vipande vya magazeti ni karatasi.

Na kuna sheria? Hapa nilimweleza jambo ambalo naona ndilo lililomtia hamu zaidi kuliko cheo. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ikaweka saa: ombi lijibiwe ndani ya siku 21, na kama linagusa uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Ikasema pia kwamba mtu anayebeba jukumu hilo katika taasisi ya umma ni mkuu wake mtendaji mwenyewe, na kwamba anaweza kulikabidhi kwa afisa mwingine. Angalia ulivyo mlango huo. Afisa wa mawasiliano aliyekabidhiwa jukumu hili kwa barua haombi tena kuitwa barazani. Anapoandikia idara ya afya kuuliza dawa ziko wapi, anauliza kwa jina la sheria, na siku zinahesabika. Wakubwa wengi hawatoi barua hiyo kwa sababu hakuna aliyewaomba.

"Basi hiyo ndiyo tasnifu yangu," akasema. "Maombi mangapi yameletwa kwetu, mangapi yamejibiwa ndani ya siku 21, na kwa lugha gani."

Nikamwambia aiandike mahali kabla msimamizi hajambadilishia iwe athari za mitandao ya kijamii.

Wiki iliyopita alikwenda kwa afisa mkuu wa idara yake kuomba ruhusa ya kutoka mapema siku za Ijumaa. Alikuwa amejiandaa: barua ya chuo, orodha ya masomo, hata ukurasa mmoja unaoeleza kaunti itanufaika vipi, fungu la fedha likiwa limeonyeshwa. Mkubwa alisoma barua yote, taratibu, miwani ikiwa imeshukia puani. Akampongeza. Akasema kaunti inahitaji vijana wenye kiu ya elimu. Kisha akamuuliza swali moja: Ijumaa gavana akiwa na shughuli, nani atapiga picha?